Tusipewe Vifaranga wa Samaki Kabla ya Chujio

Wakulima wenzangu wa Kalama, na ninyi wa skimu za jirani, habari za kufuga samaki nyumbani zimeenea sana. Mtu hununua tangi la plastiki, au hujenga birika la saruji nyuma ya jiko, hutia maji, hutia samaki, kisha huketi kungoja faida. Baada ya siku chache samaki huanza kupanda juu na kuvuta hewa kwa midomo. Asubuhi moja huonekana wanaelea. Hapo watu husema vifaranga walikuwa wabovu, au jirani ana kijicho. Mimi nasema si vifaranga wala si kijicho. Ni maji, tena maji yale yale yaliyoonekana safi kabisa.

Maoni yangu ni haya, na nayasema wazi ili mwenye kupinga apinge. Asipewe mtu hata kifaranga mmoja, kwa fedha za Serikali au za chama, mpaka chujio la tangi lake limekwisha kufanya kazi majuma sita. Tangi si kitu. Samaki pia si kitu, hununuliwa. Chujio ndilo shamba lenyewe, na sharti litangulie kama vile kulima kunavyotangulia kupanda.

Najua wengi watasema haya ni maneno ya watu wa mjini wenye kufuga samaki wa rangi katika sanduku la kioo sebuleni. Kweli, kanuni ni zile zile. Mwenye kioo cha futi 4 kwa 2 kwa 2 ana maji ya lita 450 hivi, nusu tani karibu, na samaki wake hufa kwa sababu zile zile zinazoua wa kwetu. Tofauti ni kwamba yeye akipoteza samaki hupoteza pambo, na maji yake hutoka kwa mfereji. Sisi tukipoteza samaki tumepoteza kitoweo, na maji yetu hutoka mgongoni mwa punda au mgongoni mwa mama.

Tukumbuke pia tulikotoka. Katika Kenya majaribio ya kufuga tilapia katika mabwawa yalianza mwaka 1924, na kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948. Miaka ya 1960 Serikali ilihimiza watu wale samaki zaidi, na mabwawa madogo yakachimbwa sehemu nyingi. Kisha mwaka 2009 ukaja mpango mkubwa wa kuamsha uchumi: mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, majimbo 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Ulikuwa mpango wa nia njema, na ulifundisha watu wengi kula samaki. Lakini mabwawa mengi yaliachwa baadaye, na katika nchi kavu sababu moja yajulikana na kila mtu. Jua likikausha milimita 5 tu kwa siku, bwawa la mita 300 hupoteza lita 1,500, yaani madebe 75, kabla samaki hawajapata faida yo yote. Nani katika Kalama atateka madebe 75 kila siku ili kulilisha jua?

Kwa hiyo mimi si mtu wa mabwawa makubwa katika vilima hivi. Tangi dogo lenye kivuli na chujio lafaa zaidi. Lakini tangi bila chujio ni baya kuliko bwawa, maana bwawa lina tope, majani na vijidudu vyake vinavyosaidia kidogo, na tangi jipya halina kitu.

HESABU YA MADEBE

Chukua tangi la lita 1,000, yaani madebe 50. Tia tilapia 50, kila mmoja wa gramu 100. Hao ni kilo 5 za samaki. Samaki wa ukubwa huo hula kwa siku kadiri ya asilimia 3 ya uzito wao, basi wote pamoja hula gramu 150. Chakula chenye protini sehemu 30 katika 100 kikiliwa, kila kilo hutoa kadiri ya gramu 28 za nitrojeni iliyo katika amonia. Hiyo amonia haitoki kwa mavi tu, bali hasa kwa matamvua, samaki anapopumua. Kwa hiyo gramu 150 za chakula hutoa gramu 4 kila siku.

Gramu 4 ni chini ya kijiko kidogo cha chumvi. Lakini katika lita 1,000 ni miligramu 4 kwa kila lita, na kesho ni 8, na kesho kutwa ni 12. Amonia haina rangi. Maji huendelea kung'aa mpaka chini huku samaki wakiungua matamvua. Na maji yakiwa ya magadi kidogo, au yakiwa na joto, sumu yake huzidi ukali.

Asiye na chujio ana njia moja tu: kumwaga maji na kutia mengine. Ili kuondoa amonia ya siku moja ni lazima amwage karibu tangi zima. Madebe 50 kwa siku! Punda hubeba mitungi minne ya lita 20. Basi ni safari 12 na zaidi, kila siku, Jumapili haina ruhusa. Na mwenye chujio zuri? Yeye humwaga madebe 3 mpaka 5, hurudisha kiasi hicho, na samaki wake huishi. Ni safari moja ya punda, na maji anayomwaga ni mbolea ya sukuma wiki.

Hilo ndilo jambo linaloniudhi ninaposikia watu wakisema chujio ni gharama ya bure. Gharama kwa nani? Mwanamume hukataa kununua pipa la pili na kokoto, kisha mkewe na watoto hulipa gharama hiyo njiani kila alfajiri, kwa miguu. Katika hesabu ya bwana yule ufugaji wake ni wa bei nafuu, maana miguu ya watu wengine haiandikwi daftarini.

KUNG'AA SI KUWA SAFI

Sisi watu wa Ukambani tunajua kuchuja maji tangu zamani. Mto ukikauka tunachimba mchangani, na maji hutoka baridi na maangavu. Vizuizi vya saruji vinavyojengwa katika mito yetu ya msimu ili kushika mchanga hufuata akili hiyo hiyo: mchanga huweka maji, huyafunika jua lisiyanywe, tena huyachuja. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani chujio la samaki ni mchanga tu, na kazi yake ni kuondoa vumbi. Hapo ndipo kosa lilipo.

Chujio la samaki lina kazi mbili. Ya kwanza ni kukamata uchafu uonekanao, mavi na chakula kilichobaki. Ya pili, iliyo kubwa, ni kula sumu isiyoonekana. Kazi hii hufanywa na bakteria wanaokaa juu ya kokoto kama utando mwembamba wenye kuteleza. Jamii moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huharibu damu ya samaki mpaka ikawa ya rangi ya kahawia, haiwezi tena kuchukua hewa. Jamii nyingine huja nyuma na kuigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo tilapia huivumilia kwa kiasi kikubwa na mboga huipenda sana. Hiyo nitrati ndiyo tunayoipunguza kwa yale madebe 3 au 5.

Asiyesadiki kwamba utando mdogo waweza kuokoa maisha na asome habari za mwaka 1892 katika Ujerumani. Mji wa Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona ulikuwa ubavuni mwake, tena chini zaidi mtoni, ukipokea uchafu wa jirani yake, lakini ulipitisha maji polepole katika mchanga wenye utando ulio hai. Kipindupindu kilipokuja, Hamburg ilizika watu wapatao 8,600. Altona iliponea kwa sehemu kubwa. Mitaa ilipakana, mto ulikuwa mmoja, tofauti ilikuwa chujio.

NAMNA YA KULIJENGA

Kwa tangi la lita 1,000 yatosha kuwa na mapipa mawili ya lita 200 na pampu ndogo yenye kupitisha maji yote ya tangi mara moja kwa saa moja au mbili. Mapipa yawe yale yaliyobeba vyakula, yasiwe kamwe yaliyobeba dawa za wadudu au mafuta.

Maji hutoka chini ya tangi, mahali uchafu hukusanyika, na kwenda kwa uzito wake katika pipa la kwanza. Hapa yatulie. Paipu iingie karibu na katikati, maji yapande polepole kupitia wavu wa kivuli uliokunjwa, mavi yabaki chini. Weka bomba la kufungulia chini kabisa, ulifungue kila siku mpaka yatoke maji safi. Watu wengi huruka pipa hili ili waokoe fedha, kisha kokoto zao huziba kwa tope na kunuka kama choo. Usiliruke.

Pipa la pili ndilo zizi la bakteria. Jaza kokoto za inchi tatu kwa nne, zilizooshwa vumbi, mpaka robo tatu ya pipa. Kokoto ndogo zina ngozi nyingi kuliko jiwe kubwa moja, na bakteria hukaa juu ya ngozi, hawakai ndani. Pipa la kiasi hicho lina eneo la kutosha kwa zile gramu 150 za chakula kwa siku, si zaidi. Wenye kupata mawe mepesi ya volkano yenye matundu, kama yale ya upande wa Chyulu, wana bahati, kwa maana yana eneo kubwa zaidi na hayavunji mgongo. Vifuniko vya chupa vya plastiki pia vyafaa. Kokoto za pipa moja zina uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo pipa likae juu ya sakafu imara, lisiwekwe juu ya mbao.

Pampu ikae mwisho, ndani ya maji yaliyokwisha kuchujwa, iyapandishe na kuyaangusha katika tangi kama mvua kupitia paipu yenye matundu. Mvua hiyo huingiza hewa. Bakteria hawa huhitaji hewa kama samaki wenyewe, na maji yasiyo na hewa huwaua wote pamoja.

Chujio likiisha kujengwa halijawa chujio. Ni mapipa ya mawe tu. Lizungushe bila samaki, ukitia chakula kidogo kila siku kioze na kutoa amonia. Kipimo cha matone kitakuonyesha amonia ikipanda, kisha ikishuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ikiisha. Kazi hii huchukua majuma manne mpaka sita, na wakati wa baridi hupita hapo. Zote mbili zikisoma sifuri, tia samaki wachache, uongeze taratibu. Kama huna kipimo, kinunuliwe na kikundi kizima, kwa kuwa chupa moja hupima matangi mengi. Ofisi zinazogawa vifaranga zingegawa kipimo kwanza, fedha nyingi zingeokoka.

Neno juu ya maji yetu. Maji ya mvua ya bati ni mazuri, lakini hayana chokaa, na bakteria katika kazi yao huimaliza hata ile kidogo iliyopo. Maji hugeuka kuwa makali kama ndimu, bakteria huacha kazi, na mtu hushangaa chujio lililofanya kazi miezi minne kufa ghafla. Kwa kila kilo ya chakula chujio hula kadiri ya gramu 200 za chokaa ya shamba. Kwa tangi letu ni gramu 30 kwa siku. Tia chokaa hiyo, au ning'iniza mfuko wa maganda ya mayai yaliyopondwa pale maji yanapopita. Lakini angalia sana: nasema chokaa ya shamba, mawe yaliyosagwa tu. Chokaa iliyochomwa, ile ya kujengea na kupaka ukuta, huua samaki.

Maji ya visima virefu mara nyingi yana chumvi, na tilapia huivumilia kwa kiasi. Yanapotoka ardhini huwa hayana hewa, basi yaanguke kwanza katika pipa lingine. Maji ya mfereji yenye dawa ya klorini yakae wazi siku moja au mbili, yakikorogwa, maana klorini hujui kuchagua kati ya wadudu wabaya na bakteria wetu.

Kwa sababu hiyo hiyo namwogopa mtu msafi kupita kiasi. Huyo huamka Jumamosi, hutoa kokoto zote, huziosha kwa sabuni na maji ya mfereji mpaka zinameta, na kufikia Jumatatu hana samaki. Kokoto huoshwa sehemu tu, tena kwa maji ya tangi lenyewe, na wakati zinapoziba tu. Pia yule aliyetoka kupulizia nyanya asioshe mikono wala pampu yake ya mgongoni karibu na tangi. Dawa nyingi za nyanya, kwa kiasi kidogo mno, humaliza samaki wote.

Umeme ukikatika? Hili ni swali la haki, na wanaouza pampu hawalipendi. Samaki wakiwa wachache kwa maji mengi watastahimili kwa muda. Usiwape chakula. Teka maji ya tangi kwa debe, uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, watoto watafurahia kazi hiyo. Mwenye betri ya jua na anunue pampu ndogo ya hewa. Mahali umeme hukatika kila juma ni afadhali kufuga kambare, ambaye huweza kuvuta hewa ya juu, kuliko tilapia. Lakini hata kambare asiwe kisingizio cha kuacha chujio. Huvumilia uchafu, hastawi ndani yake.

Na wanaoahidi utajiri wasikilizwe kwa sikio moja. Samaki 50 wakifika gramu 250 ni kilo 12 na nusu za nyama. Ni kitoweo kizuri cha nyumbani, tena protini kwa watoto, lakini hakinunui ng'ombe. Kumbuka vilevile kwamba wanapokua hula zaidi. Kwa gramu 200 kila mmoja, hata wakila asilimia 2 tu, watakula gramu 200 kwa siku, na pipa letu moja la kokoto halitoshi. Hapo ama uongeze pipa la kokoto, ama uanze kula wakubwa. Mimi ningekula.

Kuna wazee watakaosema samaki si chakula cha Mkamba. Matuta nayo yalipingwa na wengi wakati ule yalipoletwa kwa amri, kisha watu wa Machakos wakayafanya yao wenyewe walipoona mahindi yamesimama. Lakini wazee hao wana haki katika neno moja: mahali ambapo hata yale madebe 3 kwa siku hayapatikani wakati wa ukame wa Agosti na Septemba, samaki wasubiri. Kwanza lije tangi la mvua, kisha chujio, kisha samaki. Aidha Juni mpaka Agosti baridi ya vilima vyetu hupunguza hamu ya tilapia na nguvu ya bakteria pia, basi chakula kipunguzwe, na asianze mtu chujio jipya miezi hiyo. Aanze Septemba, vifaranga waingie mvua za Oktoba na Novemba zikifika.

Ikiwa Kaunti itakubali shauri langu, ofisa wa samaki atakayezuru boma asiulize tangi ni kubwa namna gani. Atie kipimo chake majini, asome rangi mbili, amonia na nitriti. Zikiwa sifuri, andika jina la mama wa nyumba, maana yeye ndiye atakayeteka maji, na vifaranga wapelekwe. Zisipokuwa sifuri, arudi baada ya majuma mawili. Na katika kila kijiji aanze na boma moja tu, kwa kuwa chujio lililokomaa huzaa mengine. Aliye na kokoto zenye utando aweza kumpa jirani ndoo moja atie katika pipa lake jipya, na kungoja kwa jirani huyo kutapungua sana. Azichukue zikiwa zimelowa, asizioshe, asizianike juani, na azifikishe nyumbani siku ile ile.